Kipimajoto Kisemacho Nne

6 Februari

Mpwa wangu,

Salamu za huku ni nyingi kuliko karatasi. Bibi yako jicho limepona baada ya upasuaji, sasa anaona vumbi kila kona na anatufagiza sote, wakubwa kwa wadogo. Mama yako hajambo, ila goti lake bado linatabiri mvua ambayo hainyeshi. Binti yangu ana mtoto wa mwezi wa pili, ana mapafu ya tarumbeta. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kila nikipiga simu uko kwenye kikao. Sijui mnajadili nini huko kwenye kampuni yenu ya mizani. Kilo si ni kilo?

Sasa sikiliza. Tangu uondoke, nimepata wasaa wa kusafisha ulichoacha kwenye programu ya friji za chanjo. Nimeandika majaribio mia mbili na kumi na manne. Programu nzima inajaribiwa kwa sekunde tisa bila kugusa friji hata moja, maana kila kifaa nimekitengenezea cha bandia: friji bandia, kengele bandia, kipimajoto bandia kinachojibu "nne" kila kikiulizwa. Wewe ulikuwa unashinda ghalani na koti la baridi, unafungua na kufunga milango kama muuza barafu.

Majaribio arobaini na moja yalikataa, yakawaka nyekundu. Nikafuatilia, nikaikuta mistari yako mitatu. Kabla programu haijalinganisha joto, ulikuwa unaikagulisha kwanza kama ilichopewa kweli ni kitu cha aina ya Joto, na kama sicho, ipige kengele. Kitu changu cha bandia si cha aina hiyo, basi kengele ikalia mara arobaini na moja. Uoga gani huu, mwanangu? Ni kama mtu anayemwomba mkewe kitambulisho kila akifungua mlango.

Nimeifuta. Yote yakawaka kijani. Wakubwa walipiga makofi, na mkurugenzi aliniita Profesa mbele ya watu. Nimekwambia ili ujifunze, si ili uone aibu. Ukiona aibu pia si vibaya.

Mjomba wako

19 Februari

Shikamoo mjomba,

Barua imefika, imekunjamana kidogo lakini dharau yake nzima. Nafurahi kwa jicho la bibi. Mwambie mama aache kupanda ngazi na lile goti. Mimi ni mzima, nimehamia chumba chenye dirisha, na kilo kwetu si kilo mpaka tumeweka jiwe halisi juu ya mizani.

Umesema nijifunze, basi acha nijifunze kwa sauti. Majaribio yako mia mbili na kumi na manne yanamuuliza nani habari za joto? Yanauliza kipimajoto ambacho hakijawahi kuona baridi, ulichokifundisha neno moja. Umemkodi shahidi, ukamkaririsha, ukampandisha kizimbani, halafu unashangilia kwamba ushahidi umelingana.

Ile mistari sikuiandika kwa uoga. Niliiandika siku nilipokuwa ghalani na hilo koti unalolicheka. Kipimajoto halisi, waya wake ukichomoka, hakirudishi namba. Kinarudisha neno "hakuna". Programu ikiulizwa kama "hakuna" imezidi nane, kikomo cha joto la chanjo, inajibu la, kwa sababu neno haliwezi kuzidi namba. Na "la" kwa programu yetu maana yake friji ni salama. Skrini inabaki kijani hata kama ndani mnachemka. Mistari mitatu ilikuwa inasema: usipopewa joto, usijifanye umepewa.

Sanamu lako limeshindwa kupita mlangoni, wewe ukang'oa mlango. Ungerekebisha sanamu! Kitengeneze kipimajoto bandia kwa kufuata umbo la kile halisi, kirudishe Joto la kweli, na kikiulizwa jambo ambalo kile halisi hakiwezi kulijibu, jaribio likatae. Kazi ya dakika ishirini. Kisha andika jaribio la mia mbili na kumi na tano: kipimajoto kijibu "hakuna", tuone kama kengele italia.

Rudisha mistari, mjomba. Nakuomba kwa adabu zote nilizobakiwa nazo.

Mpwa wako

11 Machi

Mpwa wangu,

Wote wazima. Bibi amehamia kufagia uwanja wa jirani.

Nimeisoma barua yako kwa binti yangu tukacheka mpaka mtoto akaamka. Sikio halizidi kichwa. Miaka sita friji zile zinafanya kazi, waya haujachomoka hata siku moja. Wewe umeuchomoa kwa mkono wako, ukaogopa ulichokifanya mwenyewe. Nimewasomesha vijana wanne kazi hii, wewe ukiwa wa tano, na ndiye pekee aliyeondoka na mdomo mkubwa kuliko alioingia nao.

Mistari haitarudi. Programu ni nyepesi, majaribio ni ya kijani, na mimi nina kazi nyingine. Endelea kupima mawe.

Mjomba

2 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Ni muda mrefu sijakuandikia. Ilikuwa kazi tu, usifikiri vinginevyo. Hujambo? Unakula vizuri? Mama yako anasema umekonda, lakini mama yako hata tembo angemuona amekonda. Bibi anakukumbuka sana. Paa la jikoni limevuja, tumebadilisha mabati mawili. Mjukuu wangu anageuka mwenyewe sasa, anacheka na ukuta. Amechomwa tena ile sindano yake ya chanjo, kliniki wamewaita watoto wengi warudie, ni utaratibu wao tu. Alilia kidogo akanyamaza. Jirani amenunua mbuzi watatu.

Yule Mzee Kufuli wa ghala, unamkumbuka? Ameondoka kazini. Uzee.

Jambo lingine dogo. Ile barua yangu ya Februari, na ile ya Machi, bado unazo? Nakujua unavyotunza makaratasi. Zichome tu, mwanangu, zinajaza chumba na zinaleta mende. Na ukitaka kunijibu, usitumie barua pepe ya ofisini. Niandikie nyumbani.

Wako akupendaye,
Mjomba

14 Juni

Shikamoo mjomba,

Nimeipokea. Ni barua ya kwanza maishani mwangu uliyoniita mpendwa, nikajua kuna mtu ameumia.

Nyumbani kwangu salama, sijakonda, mende sina. Poleni na paa.

Mama alinipigia kabla barua yako haijafika. Mzee Kufuli anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake, na tangu Mei anashinda kibarazani akiwa amevaa sare ya kazi, hana pa kwenda nayo. Uzee gani huo? Amefukuzwa. Nilimpigia mwenyewe, tukaongea saa nzima, na safari hii sikuwa kwenye kikao.

Ameniambia hivi. Ijumaa alifunga ghala, skrini kijani. Jumamosi, yeye akiwa mapumzikoni, dereva wa kliniki alifika, akafunguliwa kwa ufunguo wa akiba, akaangalia skrini, kijani, akabeba maboksi mawili kutoka friji ya saba. Jumatatu Mzee Kufuli alifungua friji ile akakuta ndani joto kama kwapa, mota imeungua. Aliita watu mwenyewe. Kwenye kikao ukasema programu haina kosa, majaribio mia mbili na kumi na manne yote kijani, kwa hiyo kengele lazima ililia. Na kama ililia, basi kuna mtu aliizima. Wakamtazama mwenye funguo. Miaka kumi na tisa ya kazi ikaisha kwa sentensi yako moja.

Na watoto wote waliochomwa dawa iliyoharibika wakaitwa warudie. Utaratibu wao tu.

Mjukuu wako, mjomba.

Sasa nina swali moja, na nitakaa kimya mpaka ulijibu. Mzee Kufuli anasema Jumatatu aliuona waya wa kipimajoto unaning'inia nje ya tundu lake. Jumanne, kabla mafundi hawajafika, ulikuwa umerudi mahali pake. Nani aliurudisha?

Mpwa wako

1 Julai

Mpwa,

Wote wazima.

Sikukusomesha uje unihoji kama askari wa barabarani. Nilikutoa nyumbani hujui kufungua kompyuta, leo unawapigia simu majirani! Na umemuamini nani? Mtu wa kufuli. Mtu ambaye skrini ikizimika huipiga kofi. Anajua nini yeye kuhusu waya, tundu au programu? Anajua kushoto na kulia kwa ufunguo, basi.

Eti amekata rufaa. Wamempangia kikao tarehe ishirini, na mimi nimeitwa nitoe maelezo ya kitaalamu. Aje. Nitaongea dakika tatu, yeye atakohoa dakika kumi, watu warudi kazini.

Hujasema kama barua umezichoma.

Mjomba

8 Julai

Shikamoo mjomba,

Hukujibu swali, na hapo umelijibu.

Barua zako ninazo. Sijamwonyesha mtu, hata mama. Nakupa siku kumi na mbili. Nenda kwa mkurugenzi kwa miguu yako, useme kwamba ulifuta mistari mitatu na ukarudisha waya. Utaona aibu, utaishi. Ukingoja tarehe ishirini, nimeshamwambia Mzee Kufuli ombi gani alitoe pale kikaoni. Halihitaji utaalamu. Linahitaji vidole viwili.

Debe tupu haliachi kuvuma, lakini nisingependa livumie kwenye jina la ukoo wetu.

Mpwa wako

27 Julai

Mpwa wangu,

Mama yako amekwisha kukusimulia, najua. Lakini yeye hakuwepo. Nisikilize mimi.

Tulikuwa watu saba kwenye chumba cha mikutano. Nilianza mimi. Nikawaonyesha ukutani majaribio yote, mstari kwa mstari, kijani tupu, nikaeleza kwamba haiwezekani kimantiki kengele isilie. Nilisema "kimantiki" mara nne, niliona mkurugenzi akitikisa kichwa kwa heshima. Mzee Kufuli alikaa mwisho wa meza na sare yake imepigwa pasi. Nikamaliza kwa kusema tusiwalaumu watu wasiosoma, tuwahurumie.

Mkurugenzi akamgeukia. "Mzee, una la kusema?"

"Sina maneno," akasema. "Nina ombi. Twendeni ghalani. Friji yoyote anayoipenda Profesa, nzima, inayofanya kazi. Tuchomoe ule waya wa kipimajoto, tusimame tusikilize."

Nikacheka. Nikasema hatuwezi kupoteza muda wa wakubwa kwa michezo.

Mama mmoja wa kliniki, aliyekuja kwa niaba ya wazazi, akasema, "Mimi muda ninao. Nina watoto mia mbili na sitini waliochomwa mara mbili."

Tukashuka. Ubaridi wa ghala ulinipiga kifuani, sijauzoea. Wakaniambia nichague. Nikaichagua friji ya pili, sijui kwa nini, labda kwa sababu ilikuwa karibu. Mzee Kufuli akafungua, akaingiza mkono, akauvuta waya kwa vidole viwili. Tuk. Akafunga mlango.

Tukasimama. Kengele iko juu ya mlango, kubwa kama sahani. Sote tuliitazama. Dakika moja. Dakika tatu. Fundi wa umeme akakohoa. Skrini ilikuwa kijani, mwanangu, kijani kile kile nilichokishangilia. Dakika ya tano mkurugenzi akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Sasa inasoma joto gani hapo?"

Nikasema, "Haisomi chochote."

"Na inasema?"

"Inasema salama."

Hakuna aliyenizomea. Ningependa wangenizomea. Yule mama wa kliniki alinitazama kama mtu anayetazama kitu alichokikanyaga. Mzee Kufuli akarudisha waya, akajifuta vidole kwenye suruali, akasema, "Jumatatu ile niliukuta unaning'inia hivyo hivyo. Jumanne nikaukuta umerudi. Mimi sikuurudisha."

Nilirudisha mimi. Umefurahi? Nilifika Jumatatu jioni watu wametoka, nikauona, nikakumbuka barua yako neno kwa neno, na mkono ukaenda wenyewe. Nilijiambia nitarudisha mistari kimya kimya wiki ile ile, hakuna atakayejua. Hata hilo sikulifanya, kwa sababu kila badiliko linaandika jina na tarehe, na nikaogopa tarehe.

Wameniandikia nijieleze ndani ya siku kumi na nne. Nina ombi moja, na sijawahi kukuomba kitu. Waandikie useme kwamba mistari ile tulikubaliana wote wawili kuiondoa, kwamba ulikuwa uamuzi wa kitaalamu wa watu wawili. Wewe umeshaondoka pale, haikuumizi. Mimi nina miaka mitatu nistaafu. Damu nzito kuliko maji.

Mjomba wako

5 Agosti

Mjomba,

Sikuamkii leo. Nitakuamkia siku nyingine, ukiwa mtu mwingine.

Hata sasa, umevuliwa nguo mbele ya watu sita, bado unatafuta wa bandia wa kumsimamisha mahali pa ukweli. Safari hii unataka niwe mimi. Nikiulizwa, nijibu ulichonikaririsha. Hapana. Sijibu nne.

Na uniambie, damu nzito ni ipi? Ya mjukuu wako, uliyempakata mapajani ukaniandikia kwamba ni utaratibu? Binti yako alinipigia, analia, anauliza kama nilijua. Nikamwambia nilijua tangu Juni, akanikatia simu. Ana haki. Nilikungoja wewe useme, na kungoja kwangu kulimweka mzee wa watu kibarazani wiki sita zaidi. Hilo ni langu, nitalibeba. La kwako libebe mwenyewe.

Barua zako mbili, za Februari na Machi, nimezituma kwa mkurugenzi leo asubuhi kwa rejesta. Sikuongeza neno. Ulijieleza vizuri mwenyewe.

Mpwa wako

30 Agosti

Mpwa wangu,

Bibi yako anakusalimu, amepata jicho la pili sasa, kwa hiyo hakuna pa kujificha. Mama yako ananipitishia chakula dirishani wala haongei. Binti yangu hajamleta mtoto tangu mwezi wa saba. Sikuandikii kulalamika. Umeniambia nibebe, nakueleza nilichobeba.

Nilikiri. Niliandika ukurasa mmoja, mistari na waya, sikukutaja. Wakanipa hiari: niondoke siku ile, au nikae ghalani mpaka programu itengenezwe upya, maana hakuna mtu anayeiamini skrini tena. Sikuwa na pa kwenda. Nikakaa.

Mzee Kufuli amerudishwa. Mkurugenzi alimsomea msamaha mbele ya wafanyakazi wote, naye akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Umeisha?" akaenda kufungua ghala. Nilimfuata mle ndani. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Nikasema, "Mzee, naomba unisamehe."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye uliyesema nihurumiwe?"

"Ndiyo."

"Basi nakuhurumia," akasema, akanipa kiti cha plastiki, daftari, na kipimajoto cha kioo.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Friji kumi na mbili, kila saa, nafungua, nasoma kwa macho, naandika. Nimevaa lile koti ulilokuwa ukivaa wewe, halinienei mabegani. Vijana niliowasomesha wanapita nje ya dirisha, wakiniona wanaharakisha. Hakuna anayeniita Profesa, wala hawaniiti kitu kingine. Programu yenyewe inakusubiri wewe. Mkurugenzi ameniambia amekuandikia mara mbili uje uisimamie, nawe hujamjibu. Sitakushauri. Sina tena mdomo huo.

Ila nikwambie jambo moja, kisha niache. Kila nikimaliza kuandika namba, Mzee Kufuli anainuka kwenye kona yake, anatoa kipimajoto chake mfukoni, anafungua friji ile ile, anasoma mwenyewe. Anaangalia namba yangu, anaangalia yake, anarudi kukaa. Jana tulifanya hivyo mara themanini na nne, na sikukosea hata moja. Leo asubuhi, friji ya kwanza, nimeandika tano, nikageuka nikamkuta tayari amesimama nyuma yangu, kipimajoto mkononi, ananingoja nipishe.

Mjomba wako